Jiwe la Mjomba Sterling

Kitbok alipouliza kama Lorna ndiye kitinda mimba wa nyumba hiyo, Mutwiri aliacha kutafuna. Kwa mtu wa Muthara hilo si jambo dogo. Wapo wazee huko walioteremshwa kaburini shavu moja likiwa bado limevimba kwa miraa.

Swali lenyewe liliulizwa kwa upole, kwa Kiswahili cha kujifunzia ukubwani, katikati ya mukimo na chai ya maziwa. Lorna alikuwa amemleta kijana huyo nyumbani kwa mara ya kwanza ili mama yake, Igoki, amwone. Igoki akajibu kwa furaha kwamba ndiyo, Lorna ndiye wa mwisho, wako wawili tu, yeye na huyu kaka yake Mutwiri. Kitbok akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeulizia ng'ombe sokoni akasikia bei inayomfaa. Angalau hivyo ndivyo Mutwiri alivyoona. Mama mtu aliona kijana mwenye adabu, tena anayemaliza chakula.

Kabla ya hapo Mutwiri alikuwa mpiga debe mkuu wa ndoa hiyo, ingawa sababu yake haikuwa ya kusimuliwa kanisani. Baba yao, Naftaly, alikufa akaacha shamba lisilopimwa: mteremko wa udongo mwekundu chini ya vilima vya Nyambene, mahindi na maharagwe sehemu ya chini, na huko juu mbaine, ile miti mikongwe ya miraa iliyopandwa na babu zao, ambayo mtu akiitaja hushusha sauti kama anayetaja wakwe. Wapimaji wa serikali walikuwa wanakaribia kutoka upande wa barabara, wakizika bikoni, zile alama za mpaka, shamba kwa shamba, na kila nyumba iliambiwa ijipange mapema, ijulikane nani anachukua wapi. Siku hizi sheria inasema binti naye ni mtoto. Mutwiri hakuwa na ugomvi na sheria. Aliona tu kwamba binti aliyeolewa India si rahisi kumwita kwa haraka aje ashike mwisho wa kamba ya kupimia.

Na Kitbok alitoka India, tena ile ya pembeni kabisa, kwenye vilima vya kaskazini mashariki alikoenda Lorna kusomea uuguzi. Walijuana huko. Lorna aliporudi, kijana akamfuata, akapata kazi ya maabara katika hospitali ya misheni nje ya mji wa Meru. Mutwiri alikuwa anangoja jambo moja: tarehe ya ndege. Basi siku hiyo ya mukimo akauliza, kwa sauti ya kutojali, watarudi kwao lini.

Kitbok alisema hawarudi. Kwao, kwa Wajaintia, mwanamume ndiye huenda kwa mke, na hasa mke akiwa kitinda mimba haondoki nyumbani kwa mama yake. Yeye yuko tayari. Atahamia hapa.

Igoki alipiga makofi. Mutwiri akajikuta amemeza miraa na vijiti vyake.

Muthara mwanamume anayehamia kwa wakwe ni kichekesho cha soko. Lakini Mutwiri hakucheka. Mtu mzima, mwenye kazi na akili timamu, anayefuata mwanamke mpaka kwenye mteremko wenye mbaine, wiki chache kabla ya wapimaji kufika, akitaka kwanza kuhakikisha kwamba huyo ndiye anayebaki nyumbani! Huo ulikuwa ni mpango, na uliopangwa na mtu aliyesoma.

Akaanza uchunguzi. Alimpigia Lorna simu, akajifanya anaulizia sherehe. Baba yake Kitbok yuko hai? Yuko. Atakuja kumsemea? Hapana, atakuja mjomba, ndugu ya mama. Anaitwa nani? Sterling Rymbai. Na Kitbok jina lake la ukoo ni nani, nimesahau? Rymbai, akasema Lorna, kwani vipi.

Mutwiri alikata simu akaenda moja kwa moja kwa Mzee Riungu, ndugu ya marehemu baba yake, mzee wa kanisa la Methodisti na wa ukoo pia. Alimweleza kama wakili. Mjomba ni ndugu ya mama. Ndugu ya mama hutoka kwa kina mama, basi jina lake ni la huko. Iweje huyu awe na jina moja na kijana, anayepaswa kubeba la baba? Ama ni ndugu ya baba anayejifanya mjomba, ama si ndugu ya mtu, wamekutana uwanja wa ndege.

Mzee Riungu alifikiria kwa muda wa kijiti kizima.

"Mtu akikudanganya kuhusu mjomba," akasema, "mwulize mambo ya shamba ukiwa umesimama karibu na mlango."

Wageni walifika Ijumaa. Huyo Mjomba Sterling alikuwa mzee mfupi mwenye shuka la mirabamiraba begani, mwalimu mstaafu wa historia kutoka mji wa Jowai, na meno yake yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu kama ya paka aliyetoka kwenye banda la kuku. Hata kabla ya kukaa alitoa kikebe cha bati, akafungua, akamtengenezea kila mtu kitu: kipande cha popoo, jani limepakwa chokaa, limekunjwa vizuri. Watu wa Pwani wanakijua, wanakiita tambuu. Watu wa Muthara hawakijui. Kitbok alieleza kwamba kwao mgeni hakai wala mwenyeji haongei kabla ya hicho kutafunwa.

Mzee Riungu akasema daktari wake amemkataza. Hakusema daktari gani wala amemkataza nini. Igoki alipokea kwa mikono miwili akakitia mfukoni mwa aproni. Mutwiri hakunyoosha mkono kabisa. Mgeni akatafuna peke yake, akatoka nje, akatema chini ya mgomba tone jekundu, na kuku waliokimbilia kudonoa wakalitazama, wakarudi nyuma.

Ilipangwa wageni walale hoteli ya pale sokoni, lakini Igoki akasema mtu aliyevuka bahari halali hotelini, wakapewa nyumba ya wageni iliyo karibu na zizi. Jioni hiyo Mutwiri alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaandika neno Jaintia kwenye simu. Ukatokea ufalme wa vilimani. Kikatokea kijiji kiitwacho Nartiang, mahali wafalme walipokaa, pana mawe yaliyosimamishwa marefu kuliko nyumba. Halafu likatokea lile aliloliona kama jibu la maombi yake: kwamba wafalme hao walishitakiwa kwa kuchinja watu madhabahuni. Akaacha kusoma hapo hapo. Alikuwa amepata alichotaka, na bando lenyewe lilikuwa linaisha.

Asubuhi alipotoka kukagua mbaine, alimkuta Mjomba Sterling ameshatangulia shambani.

Mutwiri alijibanza nyuma ya mparachichi. Mzee alikuwa anatembea kwa hatua za kupima, kutoka mlango wa jikoni wa Igoki akipanda juu, midomo ikihesabu. Alifika kwenye mbaine, akageuka, akatazama chini kwa jicho moja kama fundi. Akarudi, akapanda tena akipitia njia nyingine. Alikuwa na fimbo, akawa anagonga kila jiwe analokutana nalo, na mawe hayakosekani Nyambene, moto wa zamani uliyatapika hadi ukachoka. Mwishoni akasimama kwenye jiwe moja refu, jeusi, lililolala karibu na pale mahindi yanapoishia na mbaine kuanza. Alilipapasa. Alilala kando yake, akiwa na shuka lake, ili kulinganisha urefu.

Mutwiri akatokeza. Kitbok naye alikuwa anapanda na kikombe cha chai cha mjomba wake, na ndiye aliyetafsiri.

"Mjomba anaomba ruhusa," akasema, "jiwe hili lisimamishwe. Hapa hapa."

"Lisimame lifanye nini?"

Kitbok akauliza. Mzee akajibu maneno mengi huku akijipangusa majani.

"Anasema atawaambia mkiwa mmekaa. Si jambo la kusemea mbele ya mbuzi."

Mutwiri alisema atafikiria. Akashuka. Alishawahi kusikia wezi wa mashamba wanaokuja na bikoni zao za simenti kwenye buti la gari. Huyu alikuwa mkali zaidi: alitaka kumpora mtu shamba kwa jiwe la mwenye shamba.

Adhuhuri watu wakakaa sebuleni. Mezani palikuwa na ncoolo, kile kitita cha miraa teule kilichofungwa kwa majani ya mgomba, ambacho mwanamume Mmeru hupeleka kwa kina binti. Kitbok alikileta sawasawa, hata kamba ilikuwa ya mgomba. Sheria yake inajulikana: hufunguliwa na baba wa binti au aliyesimama mahali pake. Kikifunguliwa kikatafunwa, maneno yamekubaliwa. Kisipofunguliwa, hurudi na waliokileta na hakuna anayehitaji kueleza. Naftaly alikuwa hayupo, kwa hiyo mikono iliyongojwa ni ya Mutwiri, na Lorna, aliyekaa karibu na mama yake, hakutazama uso wa mtu yeyote. Aliitazama hiyo mikono tu.

Mutwiri akaiweka mapajani. Alisema kabla ya kamba kufunguliwa kuna maswali. La kwanza lilikuwa la majina, akaliuliza kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne ili lisipotelee njiani.

Mjomba Sterling hakuonekana kukasirika. Alisema kwao ukoo ni wa mama. Yeye na mama yake Kitbok walizaliwa na mama mmoja, wakapewa ukoo wa huyo mama, na dada yake akawapa watoto wake ukoo huo huo. Baba yake Kitbok ni mtu mwema sana, lakini ni wa ukoo mwingine. Hata leo angependa kuja, ila yuko nyumbani kwa dada yake, kuna mpwa wake anayeoa na yeye ndiye mjomba.

"Kwa hiyo baba ameenda kuwa mjomba," Mzee Riungu akasema, "na mjomba amekuja kuwa baba."

"Sawasawa. Hata wafalme wetu walikuwa hivyo. Mfalme akifa, kiti hakikwenda kwa mwanawe. Kilikwenda kwa mtoto wa dada yake."

"Mwanawe alikosa nini?"

Mzee akatabasamu kwa meno yake yote mekundu. "Mtoto wa mke wa mfalme, mfalme ameambiwa tu ni wake. Mtoto wa dada yake, hana haja ya kuambiwa."

Mzee Riungu akaanza kucheka kuanzia tumboni, akamgeukia Mutwiri. "Baite, kumbe wewe si wa kwanza. Hawa walikuwa na shaka mpaka wakaijengea ufalme."

Mutwiri hakucheka. Alileta lile la kuchinja watu. Aliliweka mezani polepole, kando ya ncoolo, na akaona Lorna akifumba macho.

Mjomba hakukana. Alisema ni kweli, zamani damu ilimwagika katika mahekalu ya wafalme, na ni aibu aliyoifundisha darasani bila kuificha. Siku hizi pale Nartiang ni mbuzi, na ukoo wake yeye ni wa Kanisa la Presbiteri tangu enzi za bibi yake. Lakini kwenye hiyo simu, akauliza, ulisoma kilichofuata? Mwingereza alilalamika kwamba raia zake wameuawa, na kwa malalamiko hayo akachukua tambarare, kule kwenye mpunga na masoko. Mfalme alipoona amebakiwa na vilima vitupu akaviachia navyo. Halafu zikaja kodi: kodi ya nyumba, na baadaye kodi hadi kwa tambuu. Watu wakashika mapanga, na aliyewaongoza akanyongwa huko huko Jowai.

Mzee Riungu aliketi wima. "Ngoja. Kodi kwa hicho kitu cha kutafuna?"

"Kwa majani yake."

Mzee Riungu ameuza miraa maisha yake yote, na hakuna kizuizi cha barabarani ambacho hakijamwuliza huo mzigo ni wa nani. Alinyoosha mkono juu ya meza. "Lete hicho kikebe," akasema.

Daktari alisahaulika. Alitafuna, masikio yakamwiva, jasho likamtoka kwenye upara kama mtu aliyekaa karibu na jiko, akasema kwa heshima kwamba si mbaine, lakini ni kitu cha wanaume. Igoki, kwa kuona hivyo, akatoa chake mfukoni, akakigeuza geuza, akakirudisha.

Mutwiri akajiona amebaki peke yake. Shahidi wake mkuu alikuwa anatafuta mahali pa kutemea. Basi akatoa swali alilolala nalo.

"Na jiwe? Unaweka bikoni kwa shamba la nani?"

Kitbok alimtazama Lorna. Neno hilo lilihitaji kuelezwa, na Lorna akamweleza mjomba kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, bikoni ni nini na wapimaji ni akina nani. Mzee alisikiliza. Kisha akaweka kikebe chini, na ile furaha yake ikapungua.

Alisema kwao mtu wa heshima akifa husimamishwa jiwe. La mwanamume ni refu, husimama. La mwanamke hulazwa mbele yake kama meza, na wapita njia hukaa wakapumzika, hakuna anayewafukuza. Kitbok anaingia katika nyumba ambayo hakumkuta baba mwenye nyumba. Haifai aingie bila kumsalimu. Ndiyo maana tangu asubuhi alikuwa anamtafutia Naftaly jiwe.

"Na kwa nini mpakani? Kwa nini pale?"

"Mpaka siujui. Nilitoka kwenye mlango wa jikoni, nikatafuta mahali ambapo mama akifungua asubuhi ataliona. Chini zaidi mahindi yanalificha. Juu zaidi ile miti inaliziba."

Igoki, aliyetafsiriwa maneno hayo na Lorna sikioni, aliangalia kuelekea jikoni kana kwamba kuna mtu ameita.

Mutwiri alijua kwamba hapo ndipo mtu mwema angenyamaza. Lakini shaka ni kama mbuzi, ukiifungia mlango inapanda dirishani. Akauliza la mwisho: basi ile habari ya kitinda mimba, kijana aliitakia nini?

Mjomba akasema kitinda mimba wa kike ndiye hubaki na nyumba ya mama, na wazazi wakizeeka ni wake. Hawezi kuiuza. Mume wake hana chake humo, hata sahani. Ukimwoa kitinda mimba unajua unakwenda kutunza wazee wa watu, kwa hiyo ni lazima uulize kwanza kama utaweza. Na neno la nyumba hiyo halisemwi na mume, husemwa na kaka wa mke.

"Mimi nasema kwa nyumba ya dada yangu. Kwa nyumba ya huyu," akamwonyesha Lorna kwa kidevu, "ungesema wewe. Watoto wao wangekuogopa wewe. Huyu wangecheza naye tu."

Kitbok alikubali kwa kichwa, bila uchungu wowote, kama mtu aliyezoea. Mutwiri akahisi kitu kitamu kikimpanda kifuani, wapwa wakisimama anapoingia. Kisha akakumbuka mbaine.

"Nitasema, sawa. Lakini shamba litakuwa la nani?"

"Mutwiri," Igoki akasema kwa Kimeru, na hakupaza sauti. "Hilo swali si la mgeni. Ukikataa kufungua kamba, Lorna yuko hapa. Ukifungua, Lorna yuko hapa. Sasa huyu mzee anakuibia nini?"

Hakuna aliyemtafsiria Mjomba Sterling, wala hakuuliza. Alikuwa mjomba kwa miaka mingi, sauti hiyo aliijua.

Lorna akamgeukia Mutwiri. "Chora wewe huo mstari, kaka. Popote utakapouchora nitakaa upande wangu. Ila uuchore ukiwa unaniangalia."

Mutwiri alisimama. Watu wakadhani anaondoka, na Kitbok akakitazama kile kitita kama mtu anayekadiria uzito wa kurudi nacho. Lakini Mutwiri alipitia ghalani, akatoka na jembe na mtaimbo, akapanda mteremko. Ilibidi wamfuate, Mzee Riungu nyuma kabisa akitema vyekundu huku na huku kwa furaha ya mtoto.

Mahali pa kwanza alipopiga jembe palikuwa chini kidogo ya pale jiwe lilipolala, mahindini, karibu na ukingo wa mbaine. Mstari ukipita hapo, Lorna angepata mahindi na maharagwe, na mbaine zote zingekuwa za Mutwiri. Alichimba kidogo. Alipoinua kichwa kupangusa jasho, akajaribu kumtazama dada yake, macho yakakataa kukaa. Akatazama chini badala yake, kwenye mlango wa jikoni. Mama yake alikuwa amebaki, amesimama hapo mlangoni, akiinamisha shingo upande huu na upande ule, akitafuta kuona. Mahindi yalikuwa yanamziba.

Mutwiri alichota udongo akafukia kile kishimo. Akapanda juu zaidi, katikati ya mbaine zenyewe, pale kwenye uwazi ambapo mti mmoja mkongwe ulianguka mwaka wa kifo cha baba yao. Mstari ukipita hapo, ungezigawa mbaine sehemu mbili. Alitazama chini. Mama yake alikuwa ameinua mkono.

"Hapa," akasema, akimwangalia Lorna.

Jiwe lilikuwa zito kuliko uongo. Walilisukuma kwa mitaimbo, Kitbok akiteleza na viatu vyake vya maabara, Mzee Riungu akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata, mpaka likakaa shimoni, likasimama. Mjomba Sterling alivua kofia. Igoki alipofika juu aliligusa kwa kiganja, akasema Naftaly naye alikuwa mweusi hivyo hivyo na mkaidi hivyo hivyo, na kwamba yeye wasimngojee afe. Wamlazie lake la kukalia sasa hivi, miguu inamuuma.

Waliporudi sebuleni Mutwiri alinawa mikono, akaifungua kamba ya mgomba bila kuikata. Kijiti cha kwanza akampa Mzee Riungu, cha pili Mjomba Sterling, aliyekitafuna kwa uangalifu wa mtu anayeonja dawa ya wengine. Lorna alikwenda jikoni, na waliobaki walijifanya hawamsikii akilia huko.

Jumapili, kabla ya watu kuvaa nguo za kanisa, Mutwiri alipanda na jembe begani. Hakuwa na kazi huko. Alitaka tu kuhakikisha kwamba jiwe halijasogea.

Alimkuta Mjomba Sterling ameinama mbele yake, jicho moja limefumbwa, fimbo imenyooshwa kuelekea mlango wa jikoni. Wakasalimiana kwa Kiingereza, kila mmoja na lafudhi yake.

"Umekuja kuangalia kama limehama?" Mutwiri akauliza.

"Hapana," mzee akasema, akitafuta kikebe chake mfukoni. "Nimekuja kuangalia kama umelihamisha."